Wifi Yangu na Taa ya Bwana Nukta

Ukimwuliza kaka yangu alimpata wapi mkewe, atakuambia alimpata kwenye friji. Si utani sana. Kaka ana bucha, na mwaka ule chumba chake cha baridi kiligoma, nyama ikaanza kutoa jasho, akaita fundi. Akaja binti mwembamba mwenye begi la vyuma begani, akampita bila hata salamu, akaweka kiganja kwenye ukingo wa mlango, kisha akageuka na kumgombeza mwenye duka: "Mpira wa mlango umeoza. Unapoza barabara nzima halafu unalaumu mashine?" Kaka yangu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kugombezwa na mtu isipokuwa mama, alipenda palepale. Baada ya hapo friji zake zilikuwa zinaharibika ovyo, na mimi ninaamini hadi leo kwamba alikuwa anazichokonoa mwenyewe ili fundi aitwe tena.

Huyo ndiye wifi yangu. Kazini wanamwita Bi Zima, kwa sababu hawezi kupita chumba kitupu chenye taa inayowaka. Nyumbani ni hivyohivyo. Kaka akienda kuchukua maji jikoni, akirudi sebuleni anakuta giza. "Mlikuwa mmeondoka," ndilo jibu lake, hata kama aliyeondoka ni mmoja na waliobaki ni watatu. Tumemzoea. Mimi mwenyewe nikienda kwao ninajitahidi kukohoa kila baada ya muda ili nisisahauliwe gizani.

Tunafanya kazi jengo moja. Mimi niko mapokezi chini, yeye ana chumba chake cha mitambo juu ya paa na kingine kidogo chenye kompyuta nyuma ya ngazi. Ni jengo la maofisi ya kupangisha, na ukiingia tu mlangoni, juu ya kichwa changu, utaona cheti kikubwa kwenye fremu. Cheti hicho kinasema kwamba jengo letu linatunza mazingira: halipotezi umeme na haliachi gesi ya viyoyozi ivuje hewani. Wapangaji wengi wakubwa walikuja kwa ajili yake. Kila baada ya muda anakuja mkaguzi kuangalia kama bado tunakistahili, na mtu anayejibu maswali yake ni wifi yangu, maana taa zote na viyoyozi vyote viko mikononi mwake.

Mimi si fundi, lakini nimekaa naye vya kutosha kujua mambo mawili ambayo kwake ni kama sala.

La kwanza ni gesi. Ile gesi inayozunguka kwenye mabomba ya kiyoyozi kupoza hewa, yeye hasemi "imeisha" kama tunavyosema wengine. "Haichakai wala mashine haili gesi," anasema. "Ikipungua, imetoka. Sasa niambie imetoka wapi." Ikitoka inapanda angani na kuzidisha joto la dunia nzima, kwa hiyo kwake kuongeza gesi kabla ya kutafuta tundu ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka. Mashine ikiwa inafunguliwa, hatoi hata pumzi moja nje. Anainyonya gesi yote na kuiingiza kwenye mtungi, anaupima mtungi, anaufunga kwa mnyororo. Kwenye kidole chake cha shahada ana kovu jeupe, alipochomwa na gesi hiyo akiwa mwanafunzi. Baridi yake inaunguza kama moto. Kuna siku fundi mmoja wa mtaani alikata bomba la friji kuukuu nje ya nyumba yao, gesi ikapiga mluzi. Wifi alitoka na mwiko mkononi, povu la shampuu kichwani, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yule fundi siku hizi akiwa na friji ya kufungua, anakuja kwanza kuazima mtungi kwake.

La pili ni viti. Kwenye dari za jengo letu kuna vidude vidogo vyeupe ambavyo mafundi huviita sensa na sisi wengine tunaviita macho. Jicho likiona mtu anasogea, linawasha taa na kuruhusu kiyoyozi. Lisipoona kitu kwa muda, linajua chumba ni kitupu na linazima vyote. Mafundi wengi huyapanga macho hayo kwa kusimama mlangoni na kupunga mikono. Wifi yangu hapana. Yeye hukaa. Mpangaji akihamia, anaomba kiti chake, anakaa hapo kama mwenye ofisi, anajifanya anapiga simu, anajifanya anaandika, kama mwenye kiti ni mhasibu wa kikokotoo, anakitumia. Wakurugenzi wengine hawakufurahi kukuta fundi kwenye viti vyao vya ngozi. "Nisipokaa hapa," aliwaambia, "taa itajuaje ninyi mnafanya nini?" Walicheka, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu taa yake. Hakuna, hadi yalipotokea haya ninayotaka kuyasimulia.

Miezi michache kabla ya ukaguzi, umeme wa ghorofa ya pili ulianza kupanda. Si kupanda kwa mchezo, ulipanda kama unga uliotiwa hamira. Mashine moja juu ya paa, ile inayohudumia ghorofa hiyo, ilikuwa haipumziki. Meneja wa jengo, mtu mwenye presha na tai ya kubana, akaita kampuni ya nje. Akaja jamaa mmoja mweupe wa meno, mcheshi, fundi mzuri tu kwa kweli, akasikiliza mashine na kusema kile ambacho fundi yeyote angesema: mashine isiyopumzika mara nyingi imepungukiwa gesi. "Tuongeze kidogo, bosi, mkaguzi akija atakuta inapumua vizuri."

"Ukiongeza bila kupima, na kama imejaa, utaiua," wifi akasema.

"Na kama imepungua?"

"Basi inavuja, nitatafuta inapovuja, nitaziba, na mkaguzi nitamwambia."

Meneja alishika kichwa. Kumwambia mkaguzi kwamba gesi ilivuja kulikuwa ni kumpa sababu ya kukishusha cheti ukutani. Alimvuta wifi pembeni, lakini pembeni penyewe palikuwa mbele ya meza yangu, kwa hiyo nilisikia kila neno. "Mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Lakini tukipoteza cheti, wenye jengo watataka kazi hii wapewe hao wa nje. Na wewe unajua maana yake." Wifi alikuwa anajua, na mimi pia nilijua. Ukiacha chumba kile cha juu ya paa, hana kwingine anakokupenda hivyo.

Akapanda juu na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Alipaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, akiangalia kama kuna pahali panapopuliza mapovu. Akarudia na kile chombo chake kinachonusa gesi na kulia kikiipata. Kilinyamaza kimya. Akaipima gesi yenyewe, ikawa imejaa sawasawa. Alishuka magoti yakiwa meusi, uso umekunjamana, akaniambia: "Haivuji. Mashine ni nzima. Kuna mtu anaomba hewa baridi mchana na usiku, na mashine inaitikia tu."

Jumapili tulikuwa tumepanga kwenda kumwona shangazi. Nilivaa, nikajipamba, tukafika njia panda, wifi akakata kona kuelekea kazini. Nilipiga kelele hadi nikachoka. Yeye mdomo wake hauna breki siku zote, lakini akiwa na jambo kichwani hata ukimtekenya hasemi.

Jengo lilikuwa limefungwa, mlinzi akatufungulia huku akicheka viatu vyangu vya visigino. Kwenye kompyuta ya wifi kila chumba ni kisanduku, na kisanduku kinakuwa kijani kama jicho limeona mtu. Vyote vilikuwa vya kijivu. Kimoja tu, ghorofa ya pili, kilikuwa kijani kibichi kabisa.

"Kuna mwizi," nikasema.

"Mwizi gani wa tangu Ijumaa?"

Tulipanda. Chumba hicho hakina dirisha la nje, kina ukuta wa kioo unaotazama ukumbi. Taa ilikuwa inawaka, kiyoyozi kinapuliza, na kiti ni kitupu. Ila kwenye mdomo wa kiyoyozi kulikuwa kumefungwa utepe mwekundu, ule wa kufungia mafungu ya karatasi, na hewa ilikuwa inauchezesha juu, chini, juu, chini. Jicho la kwenye dari lilikuwa linautazama utepe na kuamini kuna mtu. Likaamini, likaacha kiyoyozi kiendelee kupuliza. Kiyoyozi kikapuliza, utepe ukacheza. Hivyo hivyo, wiki hadi wiki. Mimi niliangua kicheko mpaka nikashika ukuta. Wifi hakucheka.

Chumba kile kilikuwa cha Bwana Nukta. Ni msahihishaji wa kampuni ya vitabu iliyopanga ghorofa ile. Kazi yake ni kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa, na jina la Nukta walimpa kwa sababu haachi hata nukta moja ipite bila kuiangalia. Mtu mzima, mpole, shati lake limepigwa pasi hata kwenye mikono. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Asubuhi alinisalimu kwa sauti ya chini na jioni aliniaga kwa sauti ileile, na katikati hapo hakuna aliyemsikia.

Wifi akapanda juu ya meza, akaufungua utepe, akaukunja vizuri na kuuweka mfukoni. Kisha akaketi kwenye kiti cha Bwana Nukta, akavuta fungu la kurasa, akaanza kusoma. Kusoma kweli, mgongo umeinama, kalamu mkononi, kidole kikitembea taratibu chini ya mistari. Mimi nilibaki mlangoni nikiona visigino vinanikata. Hazikupita dakika nyingi, taa ikazima.

Hakusogea. Kwenye giza lile nilisikia pumzi zake tu. Halafu akainua mkono juu na kuupunga, taa ikawaka, na machoni mwake kulikuwa na machozi.

"Wifi," akasema, "chumba hiki nilikipanga wakati wa vijana wa mauzo wa kampuni hii. Wale wanaongea kwa mikono. Wakahamishiwa chini, akaletwa huyu, na mimi sikurudi kukaa."

Basi nikakumbuka. Vijana wa mauzo, wakipita kwenye ukumbi ule, walikuwa na mchezo wao. Taa ikimzimikia Bwana Nukta, na yeye akiinua mkono kuipungia dari, wao nje ya kioo walimpungia na kuvunjika mbavu. Mara ngapi kwa siku, sijui. Yeye alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kusoma.

Jumatatu wifi alimfuata, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea bahasha. Aliutoa utepe mfukoni na kuuweka mezani. Bwana Nukta aliutazama, rangi ikamtoka.

"Utaniripoti, mama?"

"Nimekuja kuuliza tu. Kwa nini hukuniambia?"

Alipanga kalamu zake, akazipangua. "Ningekuambia nini? Nyumbani nikifungua mlango hakuna mtu. Nikija hapa, nikitulia tu nifanye kazi yangu, chumba kinasema hakuna mtu. Nikaona bora nitundike kitu kinachosogea kuliko mimi."

Wifi yangu ni mtu wa kujibu, lakini siku ile aliomba kiti tu. Bwana Nukta akasimama, yeye akakaa, na asubuhi nzima ile alimwambia amfundishe anavyosoma: ukurasa anaugeuza kwa mkono upi, kalamu anaiweka wapi, akifikiri anatazama wapi. Kisha akaliondoa lile jicho lililokuwa pembeni mwa dari na kulihamishia juu ya meza kabisa, akafunga jingine lenye uwezo wa kuona hata kidole kinachogeuza karatasi, akaongeza muda wa kusubiri kabla ya kuzima, na ukutani karibu na mkono wake akamwekea swichi yake mwenyewe ya kupandisha na kushusha mwanga. Alifanya kwa utaratibu kama mtu anayemvalisha mgonjwa. Nilimpenda wifi yangu siku ile kuliko siku aliyoingia kwetu, na ninalisema waziwazi kwa sababu hatuambiani mambo kama hayo, tunataniana tu.

Mashine ya juu ya paa ilianza kupumzika jioni ileile. Lakini umeme ulioliwa ulikuwa umeliwa, na mkaguzi angeuona.

Meneja alipopata habari za utepe, uso ulimng'aa kama aliyeokota pesa. "Sasa tumepona! Kuna mtu aliingilia mitambo. Tunamtaja kwa mkaguzi, kampuni yake inamwondoa, na sisi mikono yetu safi. Ni nani?"

"Mtu hana kosa," wifi akasema.

"Ama umtaje, ama ubebe wewe. Na unajua ukibeba kuna nini."

"Ninajua."

Nikamfuata hadi chumba cha ngazi, nikamshika mkono. "Wifi, acha ushujaa. Una watoto. Sema tu kwamba kulikuwa na utepe, hata bila kutaja jina." Akaniangalia kama anavyoangalia mlango wa friji ulioachwa wazi. "Nikisema utepe wataniuliza wa nani. Na wa nani ni rahisi kuliko kwa nini. Mimi nataka waulize kwa nini." Sikulala vizuri siku zile. Kaka naye alikuwa anakata nyama kimyakimya, na wateja wake wakapata nyongeza bila kuomba.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya chini, hatabasamu. Alizunguka na wifi juu ya paa, akakagua mitungi iliyofungwa minyororo, akapitisha chombo chake mwenyewe kwenye viungo vya mabomba. Kikanyamaza. Gesi haikuwa na neno. Walishuka hadi ghorofa ya pili na kusimama kwenye ukumbi, mbele ya ule ukuta wa kioo, meneja nyuma yao akijifuta jasho kwenye baridi. Mimi nilijipa kazi ya kupeleka barua zisizokuwepo.

"Hiki chumba," mkaguzi akasema, "kimekula umeme kuliko ukumbi wa mikutano. Kwa nini?"

Meneja akamtazama wifi. Wifi akatazama mbele.

"Kosa langu. Nilikipanga kwa watu wanaosogea sana. Akaja mtu anayetulia, na mimi sikubadilisha. Taa ilikuwa inamzimikia akiwa kazini, kwa hiyo ikabidi jicho lidanganywe. Mwenye kosa si aliyelidanganya. Mwenye kosa ni mimi niliyemlazimisha."

Mlango wa kioo ukafunguka. Bwana Nukta alikuwa amesimama pale, shati limenyooka, utepe mwekundu umezungushwa kwenye vidole vyake. "Utepe niliufunga mimi," akasema, na safari hii ukumbi mzima ulimsikia. Vijana wa mauzo waliokuwa wanapita walisimama.

Mkaguzi aliwatazama wawili hao, mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Bwana Nukta, akavuta kurasa, akaanza kusoma.

Sote tulibaki nje ya kioo. Mkaguzi alisoma kwa kweli. Aligeuza ukurasa mmoja. Akatulia. Meneja alikuwa anatazama dari kama anayesubiri mvua. Wifi yangu hakuangalia dari hata mara moja, alikuwa anamwangalia Bwana Nukta. Mkaguzi akageuza ukurasa mwingine, akatulia tena, akaegemea, akafumba macho. Taa iliwaka tu. Iliendelea kuwaka mpaka alipofumbua macho mwenyewe, akasimama, akatoka na kufunga mlango. Tulisubiri pale nje, na kwa wakati wake, bila haraka, chumba kikazima.

"Vyumba vingine umekalia viti vyake?" akamwuliza wifi.

"Vyote. Hiki nilikikalia mara moja tu. Sasa kila mtu akihama, nitarudi kukaa."

"Rudi," mkaguzi akasema. Kisha akamgeukia Bwana Nukta: "Ukurasa wa pili, mstari wa chini, kuna neno limeandikwa mara mbili." Bwana Nukta akaitikia kwamba alishaliona. Ndiyo mara pekee tuliyomwona yule mama akitabasamu.

Cheti bado kiko juu ya kichwa changu. Meneja anapopita na wageni anakionyesha kwa mkono, na kusema "sisi hapa tunajali watu kwanza", nami ninatazama pembeni nisije nikacheka. Wifi bado yuko juu ya paa na ndoo yake ya sabuni, bado anatuzimia taa nyumbani, na kila mpangaji mpya bado anakuta fundi kwenye kiti chake. Tofauti ni kwamba siku hizi anarudi. Utamwona siku yoyote, saa ya kazi, ameketi kwenye ofisi ya mtu amekunja mikono, anasubiri kuona kama taa itamsahau.

Bwana Nukta naye yuko palepale. Utepe anafungia karatasi. Nikipanda na barua, ninamkuta ameinama, kimya, mwanga wake umemwangukia vizuri mezani, na mara nyingi ninampita bila kumsumbua. Lakini akituona sisi wawili tunapita kwenye kioo, anainua kichwa na kuupandisha mkono ule ule aliokuwa anaipungia dari. Sasa anatupungia sisi. Na vijana wa mauzo, wakiwepo, wanampungia pia, na hakuna anayecheka.